Rudufu Elekezi katika Briji: Lini Mwenzi Aagizwe Aina ya Kufungulia

Mchezaji wa karata wa pwani ya Afrika Mashariki anapokaa kwa mara ya kwanza kwenye meza ya briji, kinachomkwaza kabla ya sheria ni majina. Turufu anaijua. Kopa, uru, shupaza na pau anazijua pia, kwani ni maneno ya Kireno yaliyobaki katika Kiswahili tangu zama zilizoanza kwa kufika kwa Vasco da Gama mwaka 1498 na kufikia ukomo wake, kwa upande wa Mombasa, kwa kuanguka kwa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Utata uko kwenye karata za picha. Makamusi ya zamani humwita mfalme mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, na malkia mzungu wa pili. Kwa nini malkia awe chini ya ghulamu? Jibu limo katika mchezo ambao makamusi hayohayo yameuandika kwa jina la Kiarabu, wahedi-u-sitini, yaani sitini na moja. Katika jamii hiyo ya michezo, ambayo Wareno wanayo mpaka leo, ree huhesabiwa alama 11, saba (au seti) alama 10, mfalme 4, ghulamu 3 na malkia 2. Kila aina ina alama 30, aina zote nne zina 120, na mwenye 61 amekwisha kushinda. Namba za wazungu, basi, si vyeo bali ni alama zao.

Katika briji hesabu hiyo haina kazi. Ree ndiyo kubwa, kisha mfalme, malkia, ghulamu, kumi, na kushuka hadi mbili. Saba ni karata ndogo tu. Kwa sababu hiyo maelezo yanayofuata yanatumia mfalme, malkia na ghulamu, na kuwaacha wazungu kwenye mchezo wao wenyewe.

Suala la majina si la pwani peke yake. Kiswahili kilisafiri na misafara ya pembe na watumwa hadi Nyangwe, kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba, ambako Livingstone alifika mwaka 1871, Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji huo mwaka 1893, na biashara ya wafanyabiashara wa pwani ikafa, lakini lugha haikuondoka. Kingwana cha Maniema ni mtoto wa safari hizo. Hata hivyo msomaji wa Nyangwe akitaka kujifunza briji leo atapewa kitabu cha Kifaransa, na wa Unguja atapewa cha Kiingereza. Wa kwanza atajifunza kusema contre pale ambapo wa pili atasema dabo, na wawili hao wakikutanishwa kuwa wenzi, hawatakuwa na neno la pamoja kwa mwito ambao kazi yake yote ni kuelewana. Kwa kuwa kitenzi kurudufu kinafahamika, mwito huo hapa unaitwa rudufu. Na ile rudufu inayokusudiwa kumwagiza mwenzi aina ya kufungulia mchezo inaitwa rudufu elekezi.

Kabla ya kuingia katika swali la lini itumike, yafaa kueleza kwa ufupi mchezo wenyewe. Briji ya mkataba, ambayo mfumo wake wa alama ulitungwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, huchezwa na watu wanne wenye karata 13 kila mmoja. Kaskazini na Kusini ni wenzi. Mashariki na Magharibi ni wenzi. Meza ikiwekwa Nyangwe, Magharibi ndiye anayeupa mto mgongo. Mchezo huanza kwa mnada. Kila mchezaji kwa zamu husema pasi, au hunadi idadi na aina: pau mbili, kopa nne, tatu bila turufu. Idadi hiyo ni ya mizunguko inayoahidiwa zaidi ya sita, hivyo pau mbili ni ahadi ya kula mizunguko minane kati ya 13, pau zikiwa turufu. Mchezaji anaweza pia kurudufu mnada wa mpinzani, yaani kuongeza thamani ya faida na ya hasara, na upande uliorudufiwa unaweza kujibu kwa rudufu ya pili. Mnada ukifika mwisho, mwenye mkataba ni yule wa upande ulioshinda aliyekuwa wa kwanza kuitaja aina hiyo. Aliye kushoto kwake hutupa karata ya kwanza. Baada ya hapo tu ndipo mwenzi wa mwenye mkataba hulaza karata zake wazi mezani.

Karata hiyo ya kwanza hutupwa gizani, na mikataba mingi huokoka au kuzama kwa karata hiyohiyo. Anayeitupa ameona karata zake 13 na amesikia mnada, basi. Mwenzi wake huenda anajua vizuri kabisa aina inayotakiwa, lakini haruhusiwi kukohoa, kukunja uso wala kugusa sikio. Mlango mmoja halali anaoachiwa ni mnada wenyewe.

Mlango huo hufunguka hasa wapinzani wanaponadi kwa mafumbo. Briji ya kisasa imejaa minada ambayo haisemi inachosema. Kusini anafungua kwa moja bila turufu, naye Kaskazini anajibu pau mbili. Hana haja na pau, bali anauliza kama Kusini ana karata nne za kopa au za shupaza. Swali hilo huitwa Stayman, kwa jina la Samuel Stayman aliyelichapisha mwaka 1945. Ama Kaskazini anajibu uru mbili akimaanisha kwamba ana kopa tano, ili mwenzake azitaje yeye. Njia hiyo ilienezwa na Oswald Jacoby kuanzia mwaka 1956. Katika hali zote mbili Mashariki anaweza kusema "rudufu". Kwa kuwa aina iliyotajwa haikukusudiwa kuwa turufu, rudufu yake haiwezi kuwa kitisho cha adhabu kwa mkataba ambao hakuna anayeutaka. Maana yake ni nyingine: mwenzangu, ukija kufungua, fungua kwa aina hii. Mnada wa kweli wa daraja la chini ni habari tofauti. Mtu akinadi kopa moja kwa sababu ana kopa, rudufu juu yake kwa kawaida humwomba mwenzi ataje aina nyingine, na wenzi wasiotenganisha maana hizo mbili huumizana wenyewe kwa wenyewe.

Chukua mfano huu. Kusini: moja bila turufu. Magharibi: pasi. Kaskazini: pau mbili, lile swali. Mashariki ana pau tano, yaani mfalme, malkia, ghulamu, tisa na nne. Pamoja nazo ana ree ya uru. Wapinzani wataishia tatu bila turufu, mkataba wa mizunguko tisa, na Kusini atahitaji kuzifanyia kazi uru ili aifikishe tisa hiyo. Magharibi ana shupaza tano zinazoongozwa na ghulamu, na pau mbili tu, nane na tatu. Akiachwa bila neno atafungua kwa shupaza, kama wafanyavyo wengi wenye aina ndefu. Kusini atakula, atacheza uru, na Mashariki atakapopanda na ree yake na kugeukia pau atakuwa amechelewa: atakapofaulu kuiondoa ree ya pau mikononi mwa Kusini, hatakuwa tena na karata ya kumrudisha mezani kuzila pau zilizobaki. Lakini Mashariki akirudufu zile pau mbili, Magharibi atafungua kwa nane ya pau. Mashariki ataweka ghulamu, na Kusini ama atakula mara moja kwa ree au ataizuia mpaka mzunguko wa tatu. Vyovyote iwavyo, ree ya uru itakapokuja Mashariki atakuwa na mizunguko minne ya pau na mmoja wa uru. Mitano inatosha kuuvunja mkataba. Karata zote 52 ni zilezile. Tofauti ni ya hatua moja, na hatua hiyo ilinunuliwa kwa neno moja.

Neno hilo, hata hivyo, lina bei, na wanaoanza briji wana pupa ya kulitumia bila kuiuliza. Tuseme pau za Mashariki ni mfalme, nane, tano, tatu na mbili. Ni tano vilevile, na angependa mwenzake afungue kwa pau. Akirudufu, Kusini mwenye ree, malkia, kumi na pau nyingine moja atasema "rudufu ya pili". Kaskazini akiwa na ghulamu na pau mbili tatu za kusindikiza, atanyamaza kwa furaha, na mkataba usiotakiwa na mtu utageuka kuwa mkataba wenyewe. Hesabu yake ni hii. Pau mbili ni alama 40. Rudufu ya pili huzizidisha kwa nne, zikawa 160. Kwa kuwa zimevuka 100, upande huo unapata zawadi ya mchezo kamili, 500 ukiwa hatarini au 300 usipokuwa hatarini, na juu yake 100 za kurudufiwa mara mbili. Jumla ni 760 au 560. Wangecheza tatu bila turufu na kutimiza mizunguko yao tisa barabara wangepata 600 au 400. Na si hilo tu: kila mzunguko wa ziada juu ya pau mbili zilizorudufiwa mara mbili ni alama 400 kwa walio hatarini na 200 kwa wasio hatarini. Mashariki amewapa wapinzani wake zawadi ambayo hawakuiomba.

Ndiyo maana ubora wa aina ni muhimu kuliko urefu wake peke yake. Katika daraja la pili, anayerudufu anatakiwa awe na karata tano au zaidi, na karata zake kubwa ziwe zimefuatana. Mfalme, malkia, kumi, tisa na karata ndogo moja ni afadhali mara kadhaa kuliko ree iliyosimama peke yake juu ya nne ndogo, maana zilizofuatana hula hata zikishambuliwa kama turufu, ilhali ree pweke hula mara moja na kustaafu. Kumi na tisa, ambazo mhesabu pointi huzidharau, ndizo zinazomfanya Kusini asithubutu kusema rudufu ya pili.

Swali jingine ambalo watu hulisahau ni la kitoto kabisa: nani atakayefungua? Rudufu elekezi ina maana iwapo mwenzi ndiye atakayetupa karata ya kwanza. Katika mifano iliyotangulia Kusini ndiye aliyetaja bila turufu, au ndiye atakayezitaja kopa kwa kuombwa na Kaskazini, kwa hiyo Magharibi atafungua na neno la Mashariki lina msikilizaji. Lau dalili za mnada zingeonyesha kwamba Kaskazini ndiye atakayekuwa mwenye mkataba, Mashariki angefungua mwenyewe. Kurudufu kungekuwa kuwatangazia wapinzani karata zake bila kumfaa mwenzake hata kidogo. Aidha, ikiwa mnada umekwisha kumwonyesha Magharibi njia, kwa mfano pale Mashariki alipokwisha kunadi aina hiyo hapo awali, rudufu ni kelele. Kila rudufu husikiwa na watu watatu, na wawili kati yao ni wapinzani. Mwenye mkataba aliyesikia kwamba mfalme na malkia wa uru wako Mashariki hatatega mtego wake upande wa Magharibi. Ataupanga mchezo wote kwa kufuata habari aliyopewa bure.

Mnada unapopanda juu, mizani hubadilika. Kusini amefungua kopa moja, Kaskazini amemuunga mkono kwa kopa tatu, na Kusini anauliza idadi ya ree kwa nne bila turufu, swali lililobuniwa na Easley Blackwood mwaka 1933. Kaskazini anajibu uru tano: ree moja. Mashariki ana uru tatu tu, mfalme, malkia na ndogo. Hapa haihitajiki aina ndefu. Uwezekano wa wapinzani kuacha kopa zao na kukaa kwenye uru tano zilizorudufiwa ni mdogo mno, na faida ni kubwa, kwani kuvunja kopa sita kunahitaji mizunguko miwili tu. Magharibi ana ree ya turufu. Akifungua kwa uru, ree ya uru ya wapinzani inatoka mapema. Kusini akianza kuzikusanya turufu Magharibi anapanda na ree yake, anarudia uru, na Mashariki anakula wa pili. Akifungua kwa aina nyingine, Kusini huenda akapata nafasi ya kuzitupa uru zake mbovu juu ya shupaza kubwa za Kaskazini kabla ya mlango kufungwa. Gharama pekee ya kukumbukwa ni kwamba rudufu huwapa wapinzani miito miwili ambayo hawakuwa nayo, yaani kupasi kwa makusudi na rudufu ya pili, na wenzi waliozoeana wanaweza kupelekeana habari kwa miito hiyo.

Kutokana na tofauti hii ya madaraja huzaliwa jambo ambalo pengine ni zuri kuliko rudufu yenyewe, nalo ni kusoma ukimya. Mashariki akipasi juu ya zile uru tano, Magharibi ana haki ya kuwaza kwamba mwenzake hana mfalme na malkia wa uru, kwa kuwa angekuwa nazo angesema bila woga. Basi atafute kwingine, pau au shupaza. Lakini Mashariki akipasi juu ya pau mbili za Stayman, ukimya huo hauna uzito uleule. Huenda ana pau nne nzuri, akaogopa rudufu ya pili. Magharibi anayeuchukua kila ukimya kuwa katazo atakosea mara nyingi kama yule asiyeusikia kabisa. Ukimya una maana pale tu ambapo kusema kungekuwa rahisi.

Lipo tawi moja la rudufu elekezi ambalo hutumika mwisho kabisa wa mnada, baada ya mkataba wa mizunguko 12 kutajwa. Mmarekani Theodore Lightner alilieleza mwaka 1929, na linaitwa kwa jina lake. Hoja yake ilikuwa kwamba wapinzani wenye akili wakinadi kopa sita, ni nadra washindwe kwa zaidi ya mzunguko mmoja, kwa hiyo kurudufu kwa ajili ya adhabu kubwa ni kazi bure. Afadhali neno hilo litumike kumwambia mwenzi asifungue kwa aina ya kawaida, bali kwa isiyotarajiwa, na mara nyingi hiyo ni aina ya kwanza iliyonadiwa na yule atakayelaza karata zake. Kaskazini alitaja pau. Mashariki hana hata pau moja. Anarudufu kopa sita, Magharibi anafungua kwa pau, Mashariki anaikata kwa turufu, na ree moja ya pembeni inakamilisha kazi.

Hesabu za Lightner zinastahili kupitiwa taratibu. Wapinzani wasio hatarini wakitimiza kopa sita hupata 980; wakitimiza zikiwa zimerudufiwa hupata 1210. Rudufu iliyokosea, basi, hugharimu 230. Lakini rudufu iliyogeuza mkataba wenye kutimia ukavunjika kwa mzunguko mmoja hubadilisha hasara ya 980 kuwa faida ya 100, tofauti ya 1080. Kwa mizani hiyo inatosha ifaulu kidogo zaidi ya mara 1 kati ya 6. Wengi husoma hesabu hiyo na kuanza kurudufu kila wasipokuwa na karata za aina fulani. Wanasahau kwamba Kusini na Kaskazini nao wamesikia. Wapinzani wanaoweza kukimbilia sita bila turufu, ambako hakuna kukata, watakimbia, na mkataba uliokuwa uvunjike utapona. Mashariki asiye na ree ya kuuvunja mkataba huo wa pili heri anyamaze, na kuomba mwenzake abahatishe.

Kuna kanuni ya jirani kwa tatu bila turufu. Ikiwa Mashariki wala Magharibi hakunadi chochote, na Kaskazini ametaja shupaza kabla ya mkataba kuishia tatu bila turufu mikononi mwa Kusini, rudufu ya Mashariki humwomba Magharibi afungue kwa shupaza hizohizo. Mashariki amekaa nyuma ya shupaza za Kaskazini akiwa na karata kubwa kuzizidi. Lakini kama Mashariki mwenyewe alikwisha kunadi aina yake, rudufu hudai aina hiyo. Haya ni makubaliano, si sheria, na wenzi wanaweza kukubaliana vingine. Lisiloruhusiwa ni kukubaliana kwa siri.

Hapo ndipo tofauti ya briji na mizaha ya karata za vibarazani ilipo. Rudufu elekezi ni ishara, lakini ni ishara iliyotamkwa mbele ya wote, na mpinzani akiuliza maana yake anastahili kuelezwa, kwa kuwa makubaliano ya wenzi ni mali ya meza nzima. Hata namna ya kuitamka isiongeze kitu: rudufu ya sauti kali na rudufu ya sauti ya kusitasita ni mwito mmoja, na mwenzi hana haki ya kuzitofautisha. Mwaka 1965 huko Buenos Aires, katika mashindano ya ubingwa wa dunia, jozi moja ya Uingereza ilishtakiwa kwamba ilikuwa ikiambiana idadi ya kopa kwa vidole walivyoshikia karata. Chombo cha dunia kiliwatia hatiani, na uchunguzi uliofanywa baadaye kwao Uingereza ukaona hatia haikuthibitika. Mwaka 1975 mashindano hayo yalianza kutumia kiambaza kinachokatisha meza ili mwenzi asimwone mwenzake. Kadi zilizoandikwa miito, ambazo mchezaji huzitoa sandukuni badala ya kusema, nazo zimeondoa suala la sauti.

Kwa mchezaji wa Kiswahili kadi hizo zina faida nyingine ndogo. Alama ya rudufu juu yake ni herufi X, na ya rudufu ya pili ni XX, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza sawasawa. Aliyesoma contre Nyangwe na aliyesoma dabo Unguja wanaweza kuketi pamoja na kuielewa. Kadi, hata hivyo, haisemi ni wakati gani X ni adhabu, ni wakati gani ni ombi la aina nyingine, na ni wakati gani ni agizo la karata ya kwanza. Hayo lazima wayazungumze kabla ya kuketi.